Hita ya propani ndani ya nyumba iliyozibwa nailoni: upenyo uwe kiasi gani na mtungi ukae wapi?

Msumari14

Wakuu, habari za baridi. Saiti ni nyumba ya mbao ya ghorofa moja yenye chumba cha chini ya ardhi, hapa Minnesota. Asubuhi nje ni nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Madirisha bado hayajaja, matundu yote yamezibwa nailoni. Juu bodi za jipsam zimeshapigwa, kazi iliyopo ni kuziba maungio na kupiga msasa. Chini, wiki ijayo inamwagwa sakafu ya zege.

Joto linatoka kwenye hita moja ya propani, ile ndefu kama bomba yenye feni nyuma. Bamba lake linasema BTU (kipimo cha joto) 150,000 kwa saa. Mtungi ni ule mrefu wa paundi 100, umesimama hatua moja tu kutoka kwenye hita. Hita imekaa juu ya plaiwudi tupu, na nailoni ya mlango iko mbele yake kama futi 5.

Mambo yanayosumbua: ikifika saa sita mchana mtungi unaota barafu kuanzia katikati kwenda chini na moto unafifia. Kuna aliyeshauri mdomo wa hita ugeuziwe mtungi uupashe. Pili, plasta ya maungio haikauki, kuta zinatoa jasho na nailoni inachuruzika maji. Tatu, watu wanaumwa kichwa. Wakienda kula kwenye gari kinaachia, wakirudi ndani kinaanza upya. Msimamizi anasema propani ni gesi safi, haina moshi, kwa hiyo kichwa ni cha vumbi la jipsam. Na kila anayefungua nailoni kidogo anafokewa kwamba anamwaga joto la watu nje.

Naomba vipimo, siyo "kuweni waangalifu".

FundiGesi

Mkuu, shika hilo la kichwa kwanza, mengine yatangoja. Kichwa kinachoachia ukitoka nje na kurudi ukiingia kichukulieni ni kaboni monoksidi hadi kipimo kiseme vinginevyo. Vumbi la jipsam linakwaruza koo na kukohoza, halifuati saa ya chakula. Fungeni koki ya mtungi, shusheni nailoni pande mbili zinazotazamana, na asiwashe mtu tena mpaka kuwe na kipimo ndani.

Maneno ya "gesi safi" ni kweli nusu. Propani ikipata hewa ya kutosha inatoa hewa ukaa na mvuke wa maji. Ikikosa hewa inatoa monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki. Sasa piga hesabu. Paundi moja ya propani ina takriban BTU 21,500, kwa hiyo hita yenu inakula paundi 7 kwa saa, yaani kilo 3.2 hivi. Kila kilo inataka karibu kilo 15.6 za hewa ili iungue sawasawa. Zidisha: kilo 50 za hewa kila saa, kama mita za ujazo 40, na hapo hujaweka ziada yoyote. Chumba cha mita 6 kwa 5 chenye dari ya mita 2.4 kina mita za ujazo 72 tu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na moto haungoji iishe. Ikishuka asilimia chache tu, mwako unaharibika. Tena hita hii haina dohani: feni inavuta hewa ya chumba kwa nyuma na kurudisha moshi wake chumbani humohumo, kisha inauvuta tena.

Upenyo. Vitabu vya hita nyingi za aina hii vinataka kati ya futi 1 na futi 3 za mraba kwa kila BTU 100,000, na kitabu cha hita yako ndicho chenye neno la mwisho. Kama hakipo saitini, tumia kile kikubwa: kwa 150,000 ni futi za mraba 4.5, karibu sentimita za mraba 4,200. Usitoboe tundu moja. Gawa mara mbili: nusu iwe chini karibu na sakafu upande ambao upepo unatokea, nusu iwe juu karibu na dari upande wa pili. Kila tundu la sentimita 80 kwa 26 linatosha. Tundu moja peke yake linabishana na hewa inayotaka kutoka na inayotaka kuingia, na upepo ukigeuka halifanyi kazi yoyote. Zitie fremu ya mbao na wavu, isiwe nailoni iliyochanwa, maana iliyochanwa kuna mtu atairudisha kwa gundi ya karatasi kabla ya saa nne.

Mpangilio, kwa kanuni za shirikisho za ujenzi, 29 CFR 1926.153 na 154, ambazo Minnesota inazifuata kupitia OSHA (mamlaka ya usalama kazini) yake ya jimbo:

Mtungi na hita viachane futi 6 au zaidi. Hatua moja haitoshi. Hita ya feni isielekezwe kwenye mtungi wowote ulio ndani ya futi 20. Hita na turubai au nailoni: futi 10, na nailoni ifungwe imara, isipepee hadi mdomoni mwa hita wala kuiangusha. Kwenye sakafu ya mbao, hita isiyoruhusiwa kukaa juu ya mbao ikae juu ya zege la unene wa inchi 1 au kizuia joto chenye uwezo uleule, kinachozidi hita kwa futi 2 pande zote. Watu huweka kipande cha bodi kinachotosha miguu ya hita tu. Hapo plaiwudi inakauka polepole chini kwa chini, wiki ya tatu inaanza kuwa kahawia. Hita ikae sawa, isiinamishwe kwa tofali ili joto lipande, labda kama mtengenezaji ameruhusu.

Na mtungi, kwa asili, mahali pake ni nje. Ndani unaruhusiwa pale tu ambapo nje haiwezekani, na hata hapo usizidi ule wa paundi 100. Nyumba ya ghorofa moja nje inawezekana: mtungi juu ya ubao uliosawazishwa, umefungwa mnyororo usianguke, mpira upite kwenye tundu lenye kingo laini. Mpira uwe wa gesi ya mitungi, wenye chapa ya presha ya kazi ya psi 250 (paundi kwa inchi ya mraba). Mpira wa kompresa haukubaliki hata kama unaingia.

Swali la barafu nalijibu hapa chini, limekuwa refu.

FundiGesi

Barafu. Ndani ya mtungi kuna kimiminika, na hita inakula mvuke wake. Ili kimiminika kigeuke mvuke kinahitaji joto, na joto hilo linapita kwenye chuma kutoka hewa ya nje. Hapo kuna vitu viwili vinavyogombana: hita inataka paundi 7 kila saa bila kupungua, wakati kimiminika kikishuka eneo la chuma lililolowa ndani linazidi kuwa dogo. Mtungi unajipoza wenyewe. Propani inachemka nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo kadiri kimiminika kinavyopoa kuelekea huko presha inakufa, moto unalegea na kuwa wa njano. Mstari wa barafu unaouona ndio usawa wa gesi iliyobaki. Mtungi wa paundi 100 ulio nusu, kwenye baridi mliyoitaja, hauwezi kulisha 150,000 mfululizo. Hauna ubovu wowote.

Dawa ni kuongeza chuma: mitungi miwili au mitatu iunganishwe sambamba. Ikiwa italazimika kuwa ndani, jumla inayolisha hita moja isipite paundi 300. Kama kazi ni ya miezi, muuza gesi aweke tangi kubwa nje. Au punguza ulaji: hita nyingi zina koki ya kurekebisha, na baada ya jengo kushika joto hamhitaji 150,000.

Kuupasha kwa hita, hapana kabisa. Valvu ya usalama ya mtungi inafunguka presha ikifika kama psi 375, na ikifunguka inamwaga propani mbele ya moto uliouelekeza hapo wewe mwenyewe. Kuulaza mtungi ili "itoke vizuri" nako hapana: kimiminika kitaingia kwenye regyuleta (kirekebisha presha ya gesi) na hita itatema moto mrefu. Regyuleta ikiganda, maji ya uvuguvugu, kisha ikaushe.

Kufunga: nati ya mitungi hii ina nyuzi za kushoto, inakazwa kinyume cha saa. Usizungushie tepu nyeupe, hapo inaziba chuma kwa chuma, au mpira mdogo wa duara uliopo puani. Angalia huo mpira haujapasuka. Fungua koki taratibu sana. Ukiifungua kwa fujo valvu ya kuzuia mmwagiko inadhani mpira umekatika, inabana gesi, na hita inawaka kama mshumaa. Ikitokea, funga, subiri ilegee, fungua tena polepole. Kisha povu la sabuni kwenye kila kiungo, kila mtungi unapobadilishwa. Kuzima: funga koki ya mtungi kwanza, gesi iliyo kwenye mpira iungue iishe, feni iendelee mpaka bomba lipoe, ndipo uchomoe umeme.

Kipimo35

FundiGesi kamaliza upande wa chuma, ila ameandika "kipimo" kana kwamba vyote ni kimoja. Hapa ndipo saiti nyingi zinajidanganya.

Alamu ya nyumbani ya ukutani imetengenezwa kwa UL 2034, kiwango cha Marekani cha alamu za monoksidi. Kwa ppm 70 (sehemu 70 za monoksidi kwa milioni za hewa) inaruhusiwa kukaa kimya kuanzia saa 1 hadi saa 4. Kwa 150 inalia kati ya dakika 10 na 50. Kwa 400, kati ya dakika 4 na 15. Chini ya 70 inaweza isiseme kitu. Ikining'inia ukutani haijalia, haimaanishi hewa iko sawa kwa mtu anayebeba bodi na kuhema kwa nguvu.

Kikomo cha OSHA ni ppm 50 kwa wastani wa saa 8. Pendekezo la NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama kazini, ni 35, na 200 ni dari isiyovukwa hata dakika moja. 1,200 ni hatari ya papo hapo kwa uhai. Kwa hiyo nunueni kipimo cha mtu binafsi cha gesi moja, cha kubana kwenye kola, chenye namba kwenye kioo. Vingi vinakuja na alamu mbili, 35 na 200. Kiwe karibu na pua, kisiachwe mezani kwenye mlango wenye upepo.

Kosa la kukiwasha: kiwashwe nje, hewa safi, kisha ndipo uingie nacho. Kipimo kikijisawazisha ndani ya chumba chenye CO (monoksidi) tayari, kinaihesabu ile CO kuwa sifuri na siku nzima kitakusomea uongo. Kabla ya zamu kijaribiwe kwa gesi ya majaribio kuona sensa inaitika. Kitufe cha "test" kinajaribu mlio na betri tu. Na kikilia karibu na betri za asidi zinazochajiwa, jueni haidrojeni nayo huchokoza sensa ya CO. Tokeni kwanza, chunguzeni baadaye.

Kuanzia 35 fungueni zaidi na tafuteni sababu. Kufika 200 watu wote nje, hita izimwe kwenye koki iliyo nje. Faida mojawapo ya mtungi kukaa nje ndiyo hiyo, huhitaji kuingia kuzima.

Mtu akilegea, akitapika au akianza kuongea ovyo: mtoe nje, piga 911, na useme wazi kwamba mnashuku monoksidi, maana waokoaji nao wanahitaji kuingia na vifaa vyao. Kama ameanguka ndani na kipimo kinapiga kelele, usimkimbilie peke yako huku umebana pumzi. Hospitali mwombe apimwe damu. Kile kifaa cha kubana kidoleni husoma oksijeni kuwa nzuri hata damu ikiwa imejaa monoksidi, kwa sababu hakitofautishi. Monoksidi inashika chembe za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hewa ya kawaida inachukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu, kwa oksijeni ya barakoa ni kama saa 1 na nusu. Kumpumzisha kwenye gari na chai ya tangawizi si matibabu.

Njombe_Juu

Samahani wakuu, naona mnahangaika na mitungi na regyuleta. Huku Makete na Njombe mwezi wa sita baridi ikibana, mafundi wanaweka jiko kubwa la mkaa au pipa la kuni katikati ya chumba, lipu inakauka. Huko hairuhusiwi?

FundiGesi

Hairuhusiwi kabisa, mkuu. Kanuni ileile ya 154 inakataza hita za kuni, mkaa na makaa ya mawe zisizo na dohani ndani ya majengo na juu ya jukwaa la kazi. Na huko kwenu pia kemia haibadiliki. Mkaa ni mbaya kuliko gesi kwa jambo hili, kwa sababu mkaa uliokolea, ule mwekundu usio na moshi ambao watu huuona ndio salama, ndio unaotoa monoksidi kwa wingi. Kinachowaokoa watu wa huko mchana ni kwamba nyumba inayojengwa haina milango wala vioo. Hatari ipo usiku, mlinzi anapoingiza jiko kwenye kibanda cha mabati, anaziba nyufa kwa magunia na kulala. Kibanda cha mita 2 kwa 2 hakihitaji jiko kubwa.

Lipu ya saruji nayo haitaki kukaushwa kwa moto siku ya kwanza. Inataka maji yake ili ishike, ukiikausha haraka inapasuka na kuwa unga.

ZegeBichi

Kwa hiyo sakafu ya zege wiki ijayo. Hapo hita isiyo na dohani inaharibu kazi yenyewe, achilia mbali watu.

Hita yenu inatoa karibu kilo 3 za hewa ukaa kwa kila kilo ya propani, yaani kilo 9 na zaidi kila saa, nayo ni nzito kuliko hewa, kwenye chumba cha chini inatuama palepale juu ya zege bichi. Inakutana na chokaa iliyo kwenye uso wa zege kabla halijashika na kuigeuza kuwa ngozi laini ya kabonati. Baada ya mwezi unafagia sakafu na kila ukifagia inatoa vumbi jeupe. Rangi haishiki, gundi ya vigae haishiki. Hakuna kemikali ya kunyunyizia inayorudisha uso huo vizuri, mara nyingi unasagwa. Saa 24 za kwanza ndizo mbaya zaidi. Basi wakati wa kumwaga, kulainisha, na siku nzima inayofuata, moshi wowote wa mwako usiingie chumba kile.

Joto lenyewe lazima liwepo. Mwongozo wa ACI 306, wa taasisi ya zege ya Marekani, unahesabu ni hali ya baridi pale hewa inapokuwa, au inapotarajiwa kushuka, chini ya nyuzi 4 za Selsiasi. Zege jembamba chini ya inchi 12, kama sakafu yenu, lishikiliwe nyuzi 13. Likiganda kabla ya kufika psi 500 maji ya ndani yanavimba na nguvu haitarudi hata ukilipasha baadaye. Na pasheni udongo na kokoto za chini siku kadhaa kabla. Zege juu ya udongo ulioganda linashika juu huku chini ni uji, halafu udongo ukiyeyuka sakafu inashuka.

Kwa hiyo kodisheni hita yenye chumba cha mwako kilichofungwa na dohani. Inakaa nje, inachoma dizeli au gesi, moshi unatoka juu, na hewa moto iliyo safi inaingia ndani kwa mpira mpana. Mdomo wa mpira usiupige zege moja kwa moja, utakausha sehemu moja na kuipasua. Geuzeni uelekee ukuta au dari.

Msumari14

Asanteni sana. Hita imezimwa tangu mchana, kipimo cha kola kimeagizwa. Maswali mawili yamebaki. Plasta ya maungio itakauka vipi tukifungua matundu, si baridi inaingia? Na kuna hita ya mafuta ya taa imelala stoo, ya umbo lilelile la bomba. Inafaa kama akiba?

ZegeBichi

Itakauka haraka zaidi. Kila kilo ya propani ikiungua inazaa kilo 1.6 za maji. Kwa ulaji wenu ni lita 5 kila saa, zamu ya saa 8 ni lita 40 na ushee zinazomwagwa hewani ndani ya nyumba iliyofungwa. Huo ndio mchuruziko wa nailoni. Mnakausha ukuta kwa ndoo mbili za maji kila siku. Hewa ya nje ya nyuzi 18 chini ya sifuri karibu haina maji kabisa, ukiiingiza na kuipasha inakuwa kavu kama kitambaa kipya, inanyonya. Mnapoteza joto, ndiyo, ila mnatoa unyevu, na unyevu ndio uliokuwa unawachelewesha. Ile hita yenye dohani inaondoa ubishi wote, kwa sababu maji ya mwako yanatoka na moshi nje.

Umeme haufai kuchukua nafasi hiyo kirahisi, kama kuna atakayeuliza. BTU 150,000 ni kilowati 44. Laini ya muda ya volti 240 na ampea 50 inakupa kilowati 9.6 za kuendelea, haifiki robo.

FundiGesi

Ya mafuta ya taa inafanya kazi, lakini masharti ya hewa na umbali ni yaleyale, haina dohani vilevile. Ulaji wa ukubwa huo ni kama lita 4.2 kwa saa. Iwe na kidhibiti kinachokata mafuta moto ukizimika. Kwenye hita hizi ni jicho dogo linalotazama mwanga wa moto. Likipakwa masizi halioni, hita inawaka sekunde chache na kujizima. Lisafishwe kwa kitambaa laini. Akitokea mtu wa kuliziba au kuunganisha nyaya zake ili "isisumbue", hiyo hita itoke saitini.

Mafuta yawe ya taa safi, ya daraja la 1-K. Maji kidogo kwenye tangi yanaganda kwenye chujio na mafuta hayapiti. Presha ya pampu ikiwa chini inatoa moshi na harufu, ikiwa juu moto unachungulia nje ya mdomo, na skrubu ya presha isichezewe bila geji. Petroli isikaribie: mafuta ya taa yanaanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi 38 na zaidi, petroli kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Madumu hapa yana rangi, bluu ni mafuta ya taa, nyekundu petroli, njano dizeli. Ajali nyingi za kujaza huanzia kwenye dumu lililotumika kwa kingine. Jaza nje, hita imezimwa na imepoa.

Kitu kimoja hakijasemwa bado, nacho kinahusu saiti yenu hasa: msasa. Vumbi la jipsam linavutwa na feni, linaziba wavu na chujio cha nyuma, hewa inapungua na monoksidi inapanda hata kama matundu yako wazi. Wakati wa kupiga msasa hita izimwe, au muingize ile ya nje. Jioni puliza vumbi kwa kompresa, hita ikiwa nje na imepoa. Pia gundi za kutengenezea, povu la kujazia nyufa na viyeyusho vya rangi havifunguliwi chumba chenye hita ya moto wazi.

Kipimo35

Kuhusu msimamizi anayefoka: mwajiri anatakiwa atoe mafunzo ya usalama kwa lugha na maneno ambayo wafanyakazi wanayaelewa, na OSHA ilisisitiza hilo kwa waraka wa mwaka 2010. Kama nusu ya wafanyakazi wanaelewa Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza, karatasi ya Kiingereza iliyosainiwa asubuhi haihesabiki kuwa mafunzo. Malalamiko ya usalama yanapelekwa OSHA ya Minnesota, na unaweza kuomba jina lako lisitajwe kwa mwajiri. Ukifukuzwa au kupunguziwa saa kwa sababu ya kusema, una siku 30 tu za kulalamika, zinahesabiwa tangu siku ya tukio. Andikeni tarehe na kusoma kwa kipimo kwenye daftari kila saa mbili, na picha ya kioo chake.

Msumari14

Mpango wa kesho: mitungi miwili nje upande wa mashariki, imeunganishwa, mnyororo. Hita juu ya bamba la zege katikati ya sebule, futi 12 kutoka nailoni yoyote. Matundu mawili ya 80 kwa 26, chini magharibi ambako upepo unatokea, juu mashariki. Kizima moto cha ABC mlangoni. Waya wa umeme ni ule mwembamba wa rangi ya chungwa, futi 100, geji 16. Kuna kilichosahaulika?

FundiGesi

Mawili. Tundu lako la juu liko mashariki, na mitungi iko mashariki: lisiwe juu yake, wala mitungi isikae karibu na tundu lolote linaloingiza hewa au dirisha la chumba cha chini. Propani ni nzito mara 1.5 ya hewa, ikivuja inatiririka chini kama maji na kujaza kule shimoni. Sogeza mitungi pembeni kabisa. Na kama moto wa gesi ukishika kwenye mpira, kimbilia koki kabla ya kizima moto. Ukizima mwali gesi ikiendelea kutoka, inajikusanya ikingoja cheche nyingine.

Waya badilisha. Kwa futi 100 weka geji 14 au nene zaidi, kwenye soketi yenye GFCI (kinga inayokata umeme ukivuja). Waya mwembamba unashusha volti, feni inazunguka kivivu huku gesi inakuja kwa presha ileile, na hapo unarudi kwenye monoksidi kwa mlango wa nyuma. Ukigusa waya baada ya saa moja ukawa wa moto, umepata jibu.

Msumari14

Mitungi inahamia kusini, hakuna dirisha upande huo. Waya wa geji 12 upo kwenye gari la fundi umeme, nauazima.